Viti vya jikoni vilivyomfanya Stanley Matthews acheze hadi miaka 50

Kila michezo ya UMITASHUMTA inapokaribia, maswali ya wazazi kuhusu mazoezi ya watoto huongezeka katika safu hii. Wiki hii mama mmoja wa Kayanga, wilayani Karagwe, ameuliza kuhusu mwanawe wa miaka 12 anayecheza winga katika timu ya shule ya msingi. Kocha anataka awe mwepesi wa kugeuka, na kwa wiki tatu sasa kijana anapanda mlima kila alfajiri akiwa na mfuko wa mchanga mgongoni. Wepesi haujaonekana bado. Kilichoonekana ni maumivu chini ya goti, na siku hizi akitoka shule anashuka kilima akichechemea.

Mama huyu anataka kujua kama amwachishe mpira. La, asimwachishe. Ila kabla sijamweleza cha kufanya, naomba nimsimulie maisha ya mtu aliyefariki miaka mingi iliyopita, ambaye wazee waliofuatilia kandanda kwenye redio miaka ya 1950 watamkumbuka mara moja. Ni Stanley Matthews, winga wa kulia wa Uingereza, aliyeitwa mchawi wa chenga.

Matthews alizaliwa tarehe 1 Februari 1915 huko Hanley, sehemu ya mji wa Stoke-on-Trent, mji wa viwanda vya vyombo vya udongo. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wavulana wanne. Baba yake, Jack Matthews, alikuwa kinyozi mchana na bondia wa uzito wa unyoya jioni, na mtaani walimjua kwa kazi zote mbili. Mzee huyu hakuwa na elimu ya tiba wala ya michezo, lakini mwili aliufahamu kama fundi anavyofahamu chombo chake. Aliwaamsha wanawe mapema, akawasimamisha mbele ya dirisha lililo wazi, wakavuta pumzi ndefu na kunyoosha viungo kabla ya kunywa chai. Tabia hiyo Stanley hakuiacha hata alipozeeka.

Akiwa bado mdogo, baba alimwandikisha kwenye mashindano ya mbio fupi. Sisemi mbio za kuzunguka mji mzima, nasema mbio fupi: unasikia ishara, unatoka kwa nguvu zako zote, umefika. Na nyuma ya nyumba yao kijana alibuni zoezi lake mwenyewe. Alitoa viti vya jikoni, akavipanga uani, akapita katikati yake na mpira mguuni, kwenda na kurudi, saa nyingi, siku nyingi.

Hapo kwenye viti ningependa tukae kidogo, kwa sababu jibu la mama wa Kayanga liko hapo.

Wepesi wa mchezaji ni uwezo wa kukimbia, kufunga breki, kubadili upande na kuondoka tena bila kupoteza mpira wala kuanguka, na kufanya hivyo kwa kuitikia kile anachokiona mbele yake. Kazi hiyo hufanywa na mambo mengi kwa pamoja. Macho yanaona beki ameegemea wapi, ubongo unaamua, mishipa ya fahamu inapeleka amri, misuli ya makalio na ya nyuma ya paja inashika breki, kifundo cha mguu kinakaza, goti linakunjwa, kiwiliwili kinashuka chini, ndipo mguu wa nje unasukuma ardhi. Mtoto anayepanda mlima na mzigo anafundisha mapafu na mapaja yake kuvumilia. Hilo lina faida yake, lakini halimfundishi hata hatua moja ya kugeuka. Mwili hujifunza kile unachorudia kukifanya.

Tena mtoto wa Karagwe hana upungufu wa milima. Kayanga iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mtoto anapanda na kushuka akienda shule, akienda kuteka maji, akitumwa dukani. Mlima ameshaupata bure. Anachokosa ni eneo tambarare dogo, vitu sita vya kuzungukwa, na mtu mzima wa kumwambia apumzike.

Turudi Hanley. Mzee Jack alikuwa na ndoto yake, nayo haikuwa mpira. Alitaka Stanley awe bondia kama yeye. Kijana alipofika miaka 13 alisema anataka kucheza kandanda. Nyumba ikawa na mvutano. Mama ndiye aliyesimama upande wa mtoto, na baba akakubali kwa sharti moja: kijana achaguliwe timu ya taifa ya wanafunzi. Alichaguliwa, akaichezea Uingereza dhidi ya Wales mwaka 1929. Baba alitimiza ahadi. Kuanzia hapo ubingwa wake wote wa kufundisha mwili, usingizi, chakula na nidhamu aliuelekeza kwenye mchezo alioutaka mtoto. Wazazi wengi ninaokutana nao wangeshinda hatua ya kwanza na kushindwa hii ya pili.

Akiwa na miaka 15 Stanley aliingia ofisi za klabu ya Stoke City kama tarishi, kwa mshahara wa paundi moja kwa wiki. Siku alipotimiza miaka 17, mwaka 1932, alisaini kuwa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1934 aliichezea timu ya taifa ya wakubwa kwa mara ya kwanza na akafunga bao.

Uchezaji wake ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuuzuia. Alimwendea beki polepole, mpira ukiwa karibu na mguu. Aliinamisha mwili kushoto kana kwamba anaingia ndani. Beki alipohamisha uzito wake kufuata bega hilo, Matthews alikuwa ameshatoka kwa nje, kulia, na mita chache za kwanza hakuna aliyemshika. Kila mtu uwanjani alijua atafanya hivyo. Mabeki nao walijua. Hakuwa mtu wa mbio ndefu, na hakuhitaji kuwa. Katika mpira, mbio nyingi za kuamua matokeo ni za mita 5 hadi 20, na mazoezi yake aliyajenga juu ya umbali huo.

Vita Kuu ya Pili ilimchukulia miaka ambayo wanasoka huihesabu kuwa bora, kuanzia 24 hadi 30. Alihudumu katika jeshi la anga, akawekwa karibu na Blackpool kama mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Baba yake alifariki mwaka 1945, na kabla ya kufa alimwomba ashinde medali ya Kombe la FA. Mwaka 1947 Stoke walimuuza Blackpool kwa paundi 11,500. Alikuwa na miaka 32, na wengi waliona klabu imenunua mchezaji anayeelekea kustaafu.

Blackpool ni mji wa pwani. Asubuhi, wenzake wakiwa wamelala, Matthews alikuwa ufukweni anakimbia mbio zake fupi na kufanya mazoezi yake ya viungo. Hakuvuta sigara wala kunywa pombe. Alikula mboga na matunda kwa wingi, na siku ya Jumatatu alizoea kufunga. (Jambo la kuchekesha ni kwamba picha yake iliwahi kutumika kutangaza sigara za Craven A. Mtu asiyevuta akauzia watu sigara! Ndivyo matangazo yalivyokuwa, na sina hakika kama yamebadilika sana.)

Hiyo ya kufunga Jumatatu, mzazi, usimwige kwa mtoto. Matthews alikuwa mtu mzima ambaye mifupa yake ilishamaliza kukua. Mtoto wa miaka 12 anayecheza mpira anahitaji kula asubuhi, mchana na jioni, na akitoka mazoezini ale ndani ya saa moja au mbili. Huko Kagera ndizi hazikosekani, nazo zinatia nguvu, lakini ndizi pekee hazijengi misuli wala mfupa. Ziende na maharage, dagaa, yai, maziwa, karanga, na msimu wa senene ukifika, senene ni protini nzuri kabisa. Rubisi asipewe, hata kidogo cha kuonja kwenye sherehe.

Na usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa usiku mmoja. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Anayeamshwa saa kumi alfajiri apande mlima, kisha akakaa darasani hadi alasiri, kisha akarudi uwanjani jioni, amenyimwa dawa ambayo haiuzwi duka lolote.

Medali ya baba ilichelewa. Blackpool walifika fainali ya Kombe la FA mwaka 1948 wakafungwa na Manchester United. Mwaka 1951 walifika tena wakafungwa na Newcastle. Mwaka 1953 walifika mara ya tatu, Matthews akiwa na miaka 38, na zikiwa zimebaki kama dakika 20 walikuwa nyuma 3 kwa 1 dhidi ya Bolton. Hapo ndipo mazoezi ya miaka mingi yalipojidhihirisha. Mabeki wa Bolton walikuwa wamechoka, baadhi wameumia, naye winga mzee kuliko wengi uwanjani alikuwa bado anageuka kama kijana. Krosi baada ya krosi ilitoka upande wa kulia. Stan Mortensen alisawazisha na kukamilisha mabao matatu, na dakika za nyongeza Matthews alimpita beki wake kwa mara nyingine, akarudisha mpira nyuma, Bill Perry akafunga. Matokeo 4 kwa 3. Mortensen ndiye aliyefunga mabao matatu, lakini hadi leo Waingereza huiita fainali ya Matthews.

Mwaka 1956 aliisumbua Brazil Wembley akiwa na miaka 41, Uingereza ikashinda 4 kwa 2, na mwaka huohuo akawa mtu wa kwanza kutunukiwa Ballon d'Or. Mechi yake ya mwisho ya taifa alicheza mwaka 1957 akiwa na miaka 42. Katika maisha yake yote ya uwanjani hakuwahi kuonywa na mwamuzi wala kutolewa nje.

Sasa nimjibu mama wa Kayanga.

Maumivu chini ya goti kwa mvulana wa miaka 12, hasa pale penye uvimbe mdogo mgumu juu ya mfupa wa muundi, mara nyingi hutokana na kukua. Kano la misuli mikubwa ya paja limejishikiza kwenye sehemu ya mfupa ambayo bado ni laini, na kila anaporuka, anapopanda au kushuka kilima, kano linavuta pale. Madaktari huita Osgood-Schlatter. Kuna ndugu yake wa kisigino pia, kwa watoto wadogo kidogo. Mara nyingi huisha mfupa unapokomaa, lakini mzigo mgongoni na mteremko huuchochea. Mfuko wa mchanga utolewe leo. Kilima kipumzike. Acheze kiasi ambacho maumivu yanavumilika na hachechemei. Akichechemea, asimame kwa siku kadhaa. Kitambaa chenye maji baridi kwa dakika 10 hadi 15 baada ya mchezo kinasaidia.

Katika umri huohuo utaona jambo jingine linalowachanganya makocha. Mtoto aliyekuwa mwepesi akiwa na miaka 11 anakuwa mzito wa kugeuka akiwa na 13. Anajikwaa, mpira unamponyoka. Si uvivu. Mifupa imerefuka upesi, na misuli na mishipa ya fahamu inahitaji muda kuuzoea mwili mpya. Kwa wasichana hali hii hutangulia kwa mwaka mmoja au miwili. Huo ndio wakati wa kupunguza uzito wa mazoezi na kuongeza mazoezi ya usawa: kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kwa utulivu magoti yakiwa yamekunjwa, kukimbia na kusimama kwenye mstari. Kocha anayemwacha benchi moja kwa moja kwa sababu hiyo amemhukumu mapema.

Mazoezi ya wepesi yenyewe si lazima yagharimu kitu. Kama huna viti vya jikoni vya kutoa nje, tumia kandambili au chupa tupu zilizotiwa mchanga kidogo. Mawe hapana, mtoto akiyakanyaga ataumiza kifundo. Ziwe sita, hatua mbili mbili. Baada ya kupasha mwili moto, apite kwanza bila mpira, kisha na mpira. Kila mzunguko uwe wa sekunde 5 hadi 10, kisha apumzike mpaka pumzi itulie kabisa. Akianza kuchoka na miguu ikawa mizito, zoezi limekwisha kwa siku hiyo, kwa maana anachojifunza akiwa hoi ni kugeuka vibaya. Dakika 15, siku mbili au tatu kwa wiki, zinamtosha. Mtazame goti lake anapofunga breki: likiangukia ndani kuelekea goti la pili, mwambie apunguze kasi na akunje miguu zaidi. Kwa wasichana angalia hilo kwa umakini zaidi, kwa sababu wao huumia kano za ndani ya goti kwa urahisi kuliko wavulana.

Na usidharau michezo ya watoto wenyewe. Rede, ambayo wasichana wetu huicheza kwa mpira wa soksi, ina kila kitu: kutazama, kukwepa, kusimama, kugeuka. Sijaona zoezi la kocha linalokwepesha mwili vizuri kuliko rede. Wavulana wakaribishwe.

Shule yenye mwalimu mwenye moyo inaweza pia kutumia mpango wa FIFA uitwao 11+ Kids, uliotengenezwa kwa watoto wa miaka 7 hadi 13. Ni mazoezi ya kupasha mwili yenye kuruka, kutua, kusimama mguu mmoja na kujifunza kuanguka salama. Ulipojaribiwa kwa maelfu ya watoto katika nchi nne za Ulaya, majeraha yalipungua kwa karibu nusu. Hauhitaji kifaa zaidi ya mpira.

Yapo maumivu yasiyo ya kusubiri. Goti likilia ghafla na kuvimba ndani ya saa chache, likigoma kukunjuka, au mtoto akishindwa kulikanyagia; mfupa ukiuma usiku akiwa amelala; maumivu yakija na homa; mtoto akizimia au kulalamika kifua katikati ya mbio; au kukiwa na ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana, mpeleke hospitali kabla hajarudi uwanjani. Kwa walio Kayanga, Nyakahanga si mbali. Kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wenye siko seli. Mtoto wa namna hiyo anaweza kucheza, lakini anywe maji mara kwa mara, apumzike anapotaka, na asilazimishwe kumaliza mbio kama adhabu. Na goti lililovimba leo lisikandwe kwa maji ya moto wala kuvutwavutwa na mtu wa kunyoosha mifupa. Siku mbili za kwanza ni baridi, kulifunga kwa bandeji isiyobana sana, na kuuinua mguu.

Matthews alirudi Stoke City mwaka 1961 akiwa na miaka 46. Mechi iliyotangulia nyumbani walikuwa wameingia watu 8,409. Siku aliyorudi waliingia 35,974. Mwaka 1963 klabu ilipanda daraja. Mwaka 1965 Malkia alimpa heshima ya Sir akiwa bado mchezaji, na tarehe 6 Februari mwaka huo, siku tano baada ya kutimiza miaka 50, alicheza mechi yake ya mwisho ya ligi, dhidi ya Fulham.

Miaka hiyo alikuwa na kazi nyingine ambayo kwao haikuandikwa sana. Kuanzia 1953, kwa robo karne, msimu wa ligi ulipokwisha alikuja Afrika kufundisha watoto: Afrika Kusini, Nigeria, Ghana, Uganda na hapa Tanzania. Mwaka 1975, wakati ubaguzi wa rangi ukiwa sheria, aliunda timu ya wanafunzi weusi wa Soweto na kuwapeleka Brazil, walikocheza na kuona viwanja ambavyo nyumbani wasingeruhusiwa kuviota.

Alirudi Brazil mwaka 1985 na timu ya wakongwe wa Uingereza kucheza na wakongwe wa huko. Alikuwa na miaka 70. Katika mechi hiyo gegedu la goti lake liliumia, na huo ndio ukawa mwisho wake wa kucheza. Alifariki tarehe 23 Februari 2000 akiwa na miaka 85, na majivu yake yakazikwa chini ya duara la katikati ya uwanja wa Stoke City.